Umeunganisha niuroni mbili kwa kompyuta na mambo hayaendi? Anzia hapa

Hali yako pengine ni hii: una niuroni mbili hai kwenye sahani, kila moja imechomwa elektrodi yake, zenyewe hazigusani, na kompyuta imekaa katikati inajifanya sinapsi ya umeme, yaani daraja linalopitisha mkondo moja kwa moja kati ya seli mbili. Inasoma volteji ya A, inasoma volteji ya B, inatafuta tofauti, inazidisha na konduktansi (wepesi wa kupitisha umeme) uliyoandika, inasukuma mkondo kwenye seli zote mbili, afu inarudia tena mara elfu 10 au elfu 20 kila sekunde. Hiyo ndo dainamiki klampu. Sharp, O'Neil, Abbott na Marder waliieleza 1993, Robinson na Kawai nao wakaja na kitu hichohicho mwaka huohuo kivyao, na sinapsi ya umeme ya kuigiza ni moja ya vitu vya mwanzo kabisa kujaribiwa, Sharp, Abbott na Marder walishaifanya 1992. Kwa hiyo si kitu kipya, watu wameshapita njia hii na mashimo yake yanajulikana.

Hesabu yenyewe ni fupi mpaka inakera. Mkondo unaoingia A ni g × (Vb − Va), g ikiwa ile konduktansi na Va na Vb volteji za seli. Unaoingia B ni g × (Va − Vb). Ukitumia milivolti na nanosimensi jibu linakuja kwa pikoampea bila kubadilisha chochote, yaani 10 nS mara 10 mV ni 100 pA, kariri hiyo maana utaihitaji usiku ukiwa umechoka.

Kitu kimoja nakisema mapema: seli ni mtuhumiwa wa mwisho. Ukiona tabia ya ajabu usianze kuwaza mambo ya chaneli za potasiamu. Anza na waya, kisha namba za kwenye programu, kisha muda wa lupu (ule mzunguko wa kusoma, kuhesabu na kusukuma), kisha elektrodi, na hivo vyote vikitoka safi ndo uigeukie seli. Mi nilifanya kinyume na nitasimulia hapo chini aibu iliyonipata.

Na kabla ya dalili yoyote, tengeneza seli bandia mbili. Rizista ya megaohmu 100 sambamba na kapasita ya pikofaradi 100, zote zinarudi ardhini, seli moja imeisha, tengeneza na ya pili. Hiyo inakupa konduktansi ya 10 nS na muda wa utando wa milisekunde 10, inafanana kiasi na seli halisi afu haifi. Kila ninachokwambia hapa kipime kwanza kwenye hizo. Kosa likionekana kwenye seli bandia basi si biolojia, mjadala umefungwa.

DALILI: g ni sifuri lakini seli bado zinasikiana

Unasukuma mkondo kwenye A, programu imezimwa au g umeandika 0, na B inatikisika. Angalia umbo la hicho unachokiona kwenye B. Kama ni kijimshale chembamba mwanzo wa pigo na kingine mwisho, kati hapo mstari umetulia kama kawaida, hiyo ni kapasitansi kati ya elektrodi zenyewe. Vichwa vya amplifaya vimekaribiana mno, au pipeti mbili (mirija ya kioo yenye elektrodi) zimezama ndani sana kwenye maji, punguza kimo cha maji, weka kipande cha bati kilichoungwa na ardhi kati yao, tenganisha pembe.

Kama nakala ya A inaonekana kwenye B nzimanzima kwa udogo, mfano asilimia moja hivi na bila kuchelewa, shuku kadi ya data, ile inayogeuza volteji kuwa namba za kompyuta. Kadi nyingi zina kigeuzi kimoja tu kinachoruka kutoka mlango huu kwenda ule, na kikiruka haraka sana chaji ya mlango uliopita inabaki kidogo. Jaribio lake ni rahisi: chomoa B kabisa, funga ule mlango na ardhi, kama nakala imepotea basi chanzo chako kina ukinzani mkubwa au unaruka haraka mno. Saa nyingine kupanga mlango wa ardhi katikati ya A na B kunamaliza tatizo.

Na kama kwenye B unaona mteremko laini wa polepole unaofuata A, unapanda na kushuka kwa milisekunde kadhaa, basi hongera, seli zako zimeshaungana zenyewe kiasili. Kwenye baadhi ya mitandao ndo kawaida, kwa mfano niuroni mbili zinazoitwa PD kwenye ganglioni (fungu la niuroni) ya tumbo la kaa na kamba zina sinapsi ya umeme ya kuzaliwa nayo. Hilo si kosa ila lazima ulijue kabla hujaongeza ya kwako juu yake, la sivyo utaripoti g ambayo nusu yake si yako.

DALILI: ukiwasha tu, moja inaruka juu nyingine inazama, amplifaya inagonga ukuta

Alama ya kujumlisha na kutoa imegeuka. Umeandika Va − Vb mahali pa Vb − Va, au programu iko sawa lakini amplifaya inageuza ishara, au kuna mtu aligeuza swichi ya polariti. Badala ya kuvutana seli zinasukumana, tofauti ndogo inazaa tofauti kubwa.

Ubaya ni kwamba haigongi ukuta kila mara. Kama seli zote mbili zina 10 nS, kosa la ishara linaanza kukimbia pale g inapopita 5 nS, yaani nusu ya konduktansi ya seli. Chini ya hapo mfumo unakaa, unatulia, unaonekana mzima kabisa, ila seli zinakwepana. Hii ndo aibu yangu. Siku tatu tulikuwa tunaangalia seli mbili zinapokezana mapigo vizuri, hii ikiwaka ile inazima, tulikuwa tumeshaanza kuchora picha za kuonyesha watu, g ilikuwa 3 nS. Mwenzetu mmoja ambaye hata hakuwa kwenye jaribio akauliza mbona A ikishuka mkondo wa B unapanda. Kimya. Ishara ilikuwa imegeuka pande zote mbili, kwa hiyo hata hesabu yetu ya ukaguzi ilikuwa inapita.

Ukaguzi wenyewe ni huu na bado nauamini sana: rekodi mikondo yote miwili unayoisukuma afu ijumlishe. Sinapsi ya umeme haizalishi chaji, kinachotoka A kinaingia B, kwa hiyo jumla lazima iwe mstari wa sifuri muda wote. Ikiwa jumla si sifuri basi ama upande mmoja tu umegeuka, ama vipimo vya pande mbili havilingani, ama upande mmoja umefika kikomo cha amplifaya na umekatwa kichwa. Ila kama pande zote mbili zimegeuka jumla itakuwa sifuri na utadanganyika kama sisi. Kwa hiyo ongeza na hili la pili: shusha A kwa mkono, yaani sukuma mkondo hasi, B lazima ishuke. Ikipanda, geuza ishara ukalale.

DALILI: inaunganika ila kidogo mno, au kupita kiasi

Hapa usikisie, piga hesabu. Kiasi B inachofuata A ni g ÷ (g + konduktansi ya B). Seli ya megaohmu 100 ni 10 nS, ukiweka g ya 5 nS unapata 5 ÷ 15, theluthi moja. Shusha A kwa 30 mV kwa nusu sekunde nzima, B itatulia kwenye 10 mV chini. Fanya hivo kwenye seli bandia kwanza.

Ukipata 0.83 badala ya 0.33, au ukipata 0.05, usihangaike, ni mara 10. Mtu amegusa kitufe cha ukuzaji kwenye amplifaya kutoka 10 kwenda 100 na programu bado inaamini 10, au amri ya mkondo umeiandika pikoampea 400 kwa volti moja wakati amplifaya imewekwa kwenye 2,000. Hiyo ya pili ni mara 5, nayo ina sura yake, kwa g hiyohiyo utapata 0.71 au 0.09. Namba hizi ziandike ubaoni kabisa. Kosa la kipimo huwa ni 2, 5, 10 au 100, ukiona mara 1.3 hiyo ni kitu kingine, soma sehemu ya elektrodi.

Kuna na suala la ngazi. Kadi ya biti 12 yenye upana wa volti ±10 inasoma kwa ngazi za karibu 4.9 mV. Kama amplifaya inakuza mara 10 hiyo ni karibu 0.5 mV ya seli, na kwa g ya 20 nS kila ngazi moja ni mruko wa 10 pA. Utauona mkondo kama ngazi za nyumba badala ya mteremko. Ongeza ukuzaji kabla ya kadi, au tumia kadi ya biti 16, hapo ngazi inashuka mpaka kama 0.03 mV na unasahau habari hiyo.

DALILI: inalia, inatetemeka, skrini imejaa wino

Hii ndo inayotesa watu wengi na ndo inayoeleweka vibaya zaidi, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Elektrodi yako ina ukinzani wake. Ukisukuma mkondo kupitia hiyohiyo unayosomea volteji, unachosoma ni volteji ya seli pamoja na volteji iliyopotea kwenye elektrodi. Pipeti yenye ukinzani wa megaohmu 20 ukipitisha 500 pA inakudanganya 10 mV. Kwenye rekodi ya kawaida unasahihisha baadaye, si neno. Kwenye lupu iliyofungwa ule uongo wa 10 mV unarudi kwenye hesabu ya raundi inayofuata, inatoa mkondo mpya, unaozaa uongo mpya, hivohivo.

Na kwenye sinapsi ya umeme makosa ya pande mbili yanajumlishana, kwa sababu mkondo wa A na wa B ni uleule umegeuzwa. Chukua ukinzani wa elektrodi ya A ambao haujafidiwa (haujaondolewa kwenye usomaji), jumlisha na wa B, zidisha na g. Mfano megaohmu 20 na 20, jumla 40, g ya 25 nS, jibu ni 1. Hapo ndo mpaka. Ukifika 1 kila raundi mkondo unageuza ishara na haupungui, ukipita unakua mpaka amplifaya inakatika. Utaujua kwa sababu mtetemo wake ni juu, chini, juu, chini, sampuli kwa sampuli, nusu ya kasi ya lupu yako. Lupu ya kHz 20 italia kwenye kHz 10. Mpaka halisi unasogea kidogo maana pipeti nayo ina kapasitansi, ila hesabu hii inakuweka karibu.

Sasa sehemu ambayo watu hawaambiwi. Chini ya mpaka huo hakuna mlio, lakini kosa lipo palepale kimyakimya. Konduktansi halisi inayofika kwenye seli inakuwa g ÷ (1 + lile zao lako la kuzidisha). Kwa g ya 10 nS na megaohmu 40 zisizofidiwa, zao ni 0.4, kwa hiyo seli zinaona 7.1 nS. Wewe unaandika 10 kwenye daftari. Hapo ndo zinapotoka zile mara 1.3 na 1.4 nilizosema hazitokani na vitufe. Ukibalansi briji (kitufe cha amplifaya kinachotoa volteji ya elektrodi kwenye usomaji) vizuri na ikabaki megaohmu 2 kila upande unapata 9.6, hiyo unaweza kuishi nayo.

Kwa hiyo tiba si kushusha g mpaka mlio uishe, kama wengi wanavyofanya, maana unakuwa umezima king'ora tu wakati moto bado unawaka. Tiba ni briji. Zima lupu, piga pigo dogo la mkondo, angalia mwanzo wa pigo: kama volteji inaruka ghafla kabla ya kuanza kupinda, hiyo ndo ukinzani wa elektrodi uliobaki, balansi mpaka mruko upotee na mpindo uanzie palepale mstari ulipokuwa. Fanya kwa A, fanya kwa B, na rudia kila baada ya dakika 5 au 10 maana pipeti zinaziba. Ukifidia kupita kiasi mruko unageuka upande wa pili na seli zinaona g kubwa kuliko uliyoandika, hilo nalo baya.

Kapasitansi ya pipeti nayo ifidie lakini kwa mkono mwepesi. Kitufe hicho ukikizungusha mpaka mwisho kinalia chenyewe hata bila lupu. Mi nazungusha mpaka karibu na kulia afu narudisha nyuma kidogo.

Kama unatumia elektrodi kali za kuchoma na amplifaya inayobadilishana kusoma na kusukuma, hakikisha lupu haisomi katikati ya kusukuma, ama fungamanisha saa mbili hizo ama lupu iwe polepole kuliko ubadilishaji. Na kama seli ni kubwa za kutosha, kama zile za kaa, weka elektrodi mbili kwa kila seli, moja ya kusoma na moja ya kusukuma, nusu ya sehemu hii yote inafutika. Kwa seli ndogo kuna njia ya kufidia kwa hesabu, Brette na wenzake 2008 walionyesha namna ya kupima tabia ya elektrodi kwanza na kuitoa kwenye volteji papo kwa papo ndani ya lupu, inafanya kazi vizuri mradi elektrodi yenyewe isiwe inabadilikabadilika.

DALILI: polepole ni safi, spaiki zikija ni vurugu

Ukishusha A taratibu B inafuata kama kivuli, hesabu inalingana, kila mtu anafurahi. Seli ikifyatua, spaiki (lile pigo fupi la volteji) ina nundu, au imenenepa, au kuna jino la ajabu kwenye mteremko.

Muda umechelewa. Spaiki inapanda 100 mV kwa nusu milisekunde hivi, yaani 200 mV kwa milisekunde. Lupu ikichelewa mikrosekunde 100 unatumia volteji ambayo imepitwa na 20 mV, na kwa g ya 10 nS huo ni mkondo wa 200 pA ambao haukutakiwa kuwepo. Na usidhani kHz 10 maana yake unachelewa mikrosekunde 100 basi. Unasoma, unahesabu, unatoa raundi inayofuata, afu thamani hiyo inashikiliwa mpaka raundi nyingine, kwa wastani ni raundi moja na nusu. kHz 10 inakupa kama mikrosekunde 150, kHz 20 kama 75. Kwa seli zenye spaiki za haraka nenda 20 na zaidi. Kwa mawimbi ya polepole kama ya kaa hata 5 inatosha, usijitese.

Usisahau vichujio. Kichujio cha amplifaya nacho kinachelewesha, kile cha kHz 10 kinakula kama mikrosekunde 30, kile cha kHz 1 ambacho mtu aliweka ili mstari upendeze kinakula theluthi ya milisekunde. Nimeona mtu anabadilisha kompyuta nzima wakati tatizo ni kitufe cha kichujio.

Ila kuchelewa kwa kiasi kilekile kila raundi kunavumilika kuliko kuchelewa kwa kubahatisha. Wastani wa lupu utakwambia mikrosekunde 50 na wastani ni mwongo. Tafuta raundi mbaya kuliko zote. Andika muda wa kila raundi kwenye kumbukumbu, endesha dakika 10, angalia kubwa kabisa. Au fanya lupu iwashe na kuzima pini moja ya dijitali na uiangalie kwenye oskiloskopu, hapo huwezi kudanganywa. Kwetu kila kitu kilikuwa 50, 50, 50, afu ghafla 3,000. Kila baada ya sekunde kadhaa. Ilikuwa ni grafu. Programu ilikuwa inachora grafu ndani ya uzi (thread) uleule wa lupu, na dirisha likijaa linachorwa upya. Tukalifunga dirisha, ugonjwa umeisha.

Wahalifu wengine wa kawaida ni hali ya kuokoa umeme ambayo inashusha kasi ya prosesa pale inapoona imetulia (zima kwenye BIOS), waifai, antivairasi, kusave faili kubwa katikati ya jaribio. Mfumo wa kawaida wa kompyuta haukuahidi kukuhudumia kwa wakati, ndo maana watu wanatumia programu ya RTXI kwenye Linux yenye nyongeza ya Xenomai, ambayo inaipa lupu yako kipaumbele juu ya kila kitu. Na kadi ya kuchomeka kwa USB iache kabisa kwa kazi hii. Inabeba data nyingi vizuri sana lakini inabeba kwa mafungu, na wewe hutaki fungu, unataka sampuli moja sasa hivi. Kadi ya ndani ya PCIe, au kama bajeti imebana tumia kidhibiti kidogo kisicho na mfumo wowote juu yake. Desai, Gray na Johnston 2017 walifanya hivo kwa Teensy 3.6 na raundi zake ni za haraka na zimenyooka. Jua tu kwamba Teensy hiyo inakula 0 mpaka volti 3.3, ukiiunganisha moja kwa moja na amplifaya inayotoa volti hasi utaichoma, lazima saketi ndogo ya kusogeza volteji katikati.

DALILI: ukiwasha, mistari inahama na kukaa huko

Hakuna mlio, hakuna kukimbia, ila A imepanda 3 mV na B imeshuka 3 mV moja kwa moja. Kwanza jiulize kama ni kosa kweli. Kama A inapumzika −65 na B −55, sinapsi ya umeme ya kweli ingefanya hivohivo, ingezivuta zikaribiane.

Kosa ni pale tofauti yenyewe ni ya uongo. Elektrodi moja imehama sifuri yake kwa 5 mV, g ni 10 nS, basi lupu inaongeza 50 pA za uongo kwenye hesabu mchana kutwa bila sababu. Ukimaliza toa elektrodi kwenye seli, soma sifuri upya, kama imehama uandike.

Kuhusu volteji ya mpaka wa maji, ile inayotokea pale maji ya ndani ya pipeti yanapokutana na ya sahani, huwa inasumbua watu bure. Sinapsi ya umeme inatazama tofauti tu. Pipeti zote mbili zikiwa na maji yaleyale, kosa ni lilelile pande zote na linajifuta lenyewe. Tatizo ni ukichanganya, A ina glukoneti ya potasiamu na B ni elektrodi kali ya kloridi ya potasiamu molari 3, hapo ya kwanza inaweza kuwa na zaidi ya 10 mV na ya pili karibu na hakuna. Sahihisha ndani ya lupu, si baadaye kwenye meza ya uchambuzi, maana mkondo ulishasukumwa.

DALILI: kelele ya hezi 50 imeongezeka baada ya kuwasha

Lupu inazidisha kelele na g na kuirudisha kwenye seli. Milivolti moja ya kelele kwa 20 nS ni 20 pA. Usikimbilie kichujio, tumeona kinavyochelewesha. Angalia ardhi: amplifaya na kompyuta zikiwa kwenye soketi mbili tofauti na zimeunganishwa pia kwa waya wa data unakuwa na duara la ardhi. Soketi moja, ardhi moja, na kadi isome kwa njia ya tofauti kati ya waya mbili. Imeisha hiyo.

DALILI: saa ya kwanza nzuri, saa ya pili muunganiko unafifia

Piga pigo la mkondo kwa kila seli na upime ukinzani wake. Kama B ilikuwa megaohmu 100 na sasa ni 50, konduktansi yake imepanda kutoka 10 mpaka 20 nS, na g yako ileile ya 5 nS inatoa 0.2 badala ya 0.33. Seli inavuja, inachoka, g haina hatia. Kama ukinzani wa seli uko palepale basi ni pipeti imeziba, rudi kwenye briji.

DALILI: kila kitu kimepita ukaguzi na seli bado hazifyatui pamoja

Sasa ndo unaruhusiwa kuishuku seli, na hapa mara nyingi hakuna kosa lolote ila matarajio.

Watu wanaona theluthi na wanategemea spaiki ya 100 mV ilete 33 mV upande wa pili. Haileti. Theluthi ni ya volteji iliyotulia. Spaiki ya milisekunde moja inapita kabla kapasita ya B haijajaa: 5 nS mara wastani wa 50 mV kwa milisekunde 1 ni pikokulombu 0.25, gawa kwa pikofaradi 100, unapata 2.5 mV. Kijispaiki hicho ndo chote. Wakati huohuo ule mzamo wa baada ya spaiki, tuseme 10 mV kwa milisekunde 50, ni wa polepole na unapita karibu wote kwa theluthi yake, 3.3 mV kushuka. Kwa hiyo B inapokea kitu kidogo cha kuiinua na kitu kikubwa zaidi na kirefu zaidi cha kuizuia. Unaweza kuunganisha seli mbili na ya pili ikanyamaza zaidi kuliko mwanzo, na kila namba ikawa sahihi.

Pia unasukuma mkondo kwenye mwili wa seli, pale elektrodi ilipo. Kwenye seli nyingi za gamba la ubongo sinapsi hizi za umeme ziko huko kwenye matawi, kwa hiyo g yako ya mwilini na g yao ya tawini si kitu kimoja hata kama namba ni ileile. Na kompyuta inapitisha mkondo tu. Sinapsi halisi inapitisha pia ayoni za kalsiamu na molekuli ndogo, ukiweka rangi kwenye A ukasubiri ionekane kwenye B utasubiri sana.

Kama unataka kujua muunganiko wa asili ulikuwa unafanya nini, andika g hasi. Seli zenye sinapsi yao ya 5 nS, ukiweka −5 unaifuta. Elson na wenzake 1998 walifanya hivo kwa zile PD za kamba, walipofuta muunganiko wa asili seli zikaacha kwenda pamoja, walipozidisha upande wa hasi zikaanza kupokezana. Kupokezana kwa kweli, si kama kwetu. Nenda taratibu, nanosimensi moja moja, kwa sababu ukizidisha unarudi kwenye ile dalili ya kugonga ukuta, na safari hii ishara ya hasi umeiandika mwenyewe.